Gitaa la Salomão

Mafalala, Maputo, 3 Machi 1996

Shemeji Armindo,

Hujambo huko Johannesburg? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila chumba hiki kimoja cha mabati kimekuwa kikubwa tangu kaka yako atutoke.

Tarehe ishirini Aprili anatimiza mwaka kaburini. Majirani wanataka wapige muziki wake uani: akina mama wa Kimakua na matari yao, mzee Caetano Mgoa na fidla. Wamejaribu Jumapili mbili, makelele matupu. Bi Muanacha, mpiga tari, akamwambia Caetano, “Mzee, fidla yako inalia njaa, ipe bajia za Atija!” Tukacheka. Wote walizoea kufuata gitaa la kaka yako Salomão, lile ulilochukua siku ya mazishi. Lilete mwenyewe, tafadhali. Nitapika matapa, kisamvu cha karanga unachokipenda.

Shemeji yako,
Atija

Johannesburg, 27 Machi 1996

Shemeji, mke wangu wa bajia,

Salamu nyingi. Kifua kinanichezea tu. Gitaa nimempa Vasco wa hapa kazini, anashuka huko na basi. Mimi kazini wamenikatalia ruhusa, usininunie. Ila nimelipeleka kwa fundi! Nyuzi mpya, sauti imenyooka kama ya redio. Miaka yote kaka alipiga gitaa lililopinda sauti, nami nikiona aibu.

Shemejio,
Armindo

Mafalala, 22 Aprili 1996

Shemeji Armindo,

Natumaini unapumua vizuri. Gitaa lilifika. Zuri, lakini halikuwa yeye. “Hili limesomeshwa na mapadri,” alisema Bi Muanacha. Fidla na matari vikalikataa.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa naosha karai la bajia. Kijiko kikaniponyoka, kikaligonga. Nikasimama. Miaka kumi na tisa, kila Jumapili, kaka yako aligonga karai hili kabla sijatia mafuta, akakaza nyuzi za gitaa mpaka mlio wake ufanane na wa karai. Nami nikimfukuza: “Toka hapa, wateja wananingoja!”

Nikalipeleka uani. Caetano akagonga, akasikiliza, akalegeza nyuzi za gitaa, mmoja mmoja. Kijana wa jirani akalishika gitaa, wakapiga, shemeji. Alikuwepo. Watu walicheza mpaka vumbi likaingia kwenye matapa. Mimi nilikaa na karai mapajani. Sahani yako niliifunika. Nimeila leo, peke yangu.

Jumapili majirani watakuja kuazima karai, watalirudisha, wataondoka. Sikununii. Ila siku kijiko kikigonga sufuria huko kwako, unikumbuke.

Atija