Mstari wa Katikati ya Mgongo

Kwako dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na uipokee nikiwa nimesimama, maana leo kiti kimenishinda. Goti lako vipi, linakubali ngazi siku hizi? Wanao hawajambo? Huku afya zetu njema, ila roho yangu haitulii. Kila nikiandika mstari nakwenda kuchungulia dirishani kama shemeji yako anarudi kutoka kazini. Nisikilize, na usicheke.

Unaujua ugonjwa wangu wa ngozi, hii soriasisi iliyoanza viwikoni ikahamia mgongo mzima: mabaka mekundu yenye magamba meupe. Nimeshapaka kila kitu. Mafuta ya mgando yalinilainisha tu. Yale ya lami yalipunguza muwasho, lakini nilinuka kama barabara mpya, wateja pale kwenye cherehani wakawa wanauliza nani anachoma tairi. Nikishona kitambaa cheusi magamba yanadondoka kama unga, na tajiri wangu alikuwa anapangusa kiti changu kwa dawa akidhani ugonjwa wangu unaambukiza. Hauambukizi! Nimesema mpaka koo limenikauka.

Lakini tajiri si kitu. Aliyeniuma ni shemeji yako. Tangu mabaka yafike mgongoni aliacha kunigusa. Hakunitukana, hakulalamika, alisogea tu ukingoni mwa kitanda akisema anaogopa kunitonesha. Miaka, dada! Tukikutana mlangoni ananipisha kama mgeni.

Basi kliniki wakaniomba niingie kwenye kundi la kulinganisha dawa mbili za kupaka. Daktari, binti mdogo mwenye subira, alinieleza kwamba tyubu yenye kifuniko chekundu ni steroidi, inatuliza haraka ila ikizidi hukondesha ngozi. Ya buluu ni ya jamii ya vitamini D, haina haraka, na mwanzoni inachoma kidogo. Nyekundu nusu ya kushoto ya mgongo, buluu nusu ya kulia, zisikutane kabisa, ili waone upande upi utapona vizuri zaidi. Akasema nitafute mtu wa kunipaka, kwa kuwa mkono wangu haufiki. Nikamjibu ninaye. Moyoni nikasema, lo, ninaye wapi?

Nilimwomba shemeji yako kwa aibu, kama ninayekwenda kuazima chumvi. Akanawa mikono, akakubali. Sasa unamjua yule na kazi yake ya kupaka rangi nyumba za watu, hata ukuta wa stoo hauachi mpaka uwe laini. Alipaka kushoto, akapaka kulia. Mara nikasikia kidole kinapita kwenye uti wa mgongo, huku na huku, huku na huku. Akanung'unika kwamba kazi yenye mstari katikati ni ya fundi uchwara. Ikawa ndivyo kila jioni, anachanganya mpaka hujui nyekundu imeishia wapi.

Leo asubuhi daktari amenitazama mgongo, akaita wenzake. Pande zote mbili zimelainika sawasawa, kuliko za wagonjwa wenzangu wote. Wakakuna vichwa, ikabidi niseme alichofanya fundi wangu. Daktari alicheka mpaka akakaa. Akanieleza kwamba dawa hizo zikiwa pamoja mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko kila moja peke yake, na zipo zilizochanganywa kiwandani kwa vipimo, si kwa kidole; ila matokeo yangu hayafai tena, wanayafuta. Ugonjwa huu hulala tu, unaweza kuamka, lakini kwa sasa nisimamishe dawa, niipumzishe ngozi, nipake mafuta ya kawaida. Akanizawadia sifongo yenye mpini mrefu, nijipake mwenyewe nisisumbue mtu. Wote wakanipongeza. Mimi nikatoka nje nalia.

Dada, hili sijamwambia mtu. Nilijua tangu jioni ya kwanza kwamba anaharibu. Neno moja lingemzuia, na sikulisema, kwa sababu kile kidole kilipovuka katikati nilisahau dawa, nikasahau kliniki. Nimewakosea watu wazuri kwa ajili ya mkono wa mume wangu. Na sasa naogopa kupona. Tyubu nimezirudisha huko huko kliniki, bado hajui. Akirudi kwenye ukingo wake wa kitanda, nitandikie hapo kwako, nakuja. Kuanza upya kupishwa kama mgeni sitaweza.

Nisalimie shemeji na watoto, na goti ulikande usiku, usilifanyie ubishi.

Ni mimi mdogo wako, kiguu na njia humu humu ndani.

Nyongeza: Ameingia kabla sijafunga bahasha. Amenawa mikono, ameuliza dawa ziko wapi. Nimemwambia zimerudishwa, nimepona, hana kazi tena. Amekung'uta maji vidoleni. Kisha akasema nigeuke basi, aone kama kazi yake imeshika. Mwandiko ukiuona umepinda hapa, dada, usishangae. Bado anakagua.