Alama ya Tandiko la Babu

Tarehe 9 Agosti. Huu ni mwezi wa saba tangu niondoke.

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Tunabomoa kambi ya zamani ya wakoloni, na mawe yake ni magumu kama roho ya msimamizi wetu.

Baba alinituma niulize habari za babu za wakati alipokuwa askari wa farasi katika kambi hii hii. Basi nikachora kwa mkaa ile alama ya tandiko lake, nyota ndani ya ukwato, nikawaonyesha wenyeji ninaofanya nao kazi. "Jamani, hii ni alama ya babu yangu! Nani anakijua kikosi chake?" Wakaniacha na mchoro wangu, wakarudi kwenye mawe.

Jioni mama mwenye nyumba ninamopanga akanivuta jikoni. "Mwanangu, mdomo huponza kichwa. Wenye alama hiyo waliwafungia watu wetu ghalani, wakatia moto. Umewaonyesha wangapi?"

"Wote, mama."

Akafunga dirisha.

Tangu hapo hakuna anayenitania, wala anayenishikia ngazi nikipanda. Leo nimeikuta alama ile imechorwa mlangoni kwangu. Si mkono wangu.

Dada, baba anataka kuja na tandiko lenyewe awaulize wazee wa huku. Mzuie, hata kwa kumfichia viatu.

Msimamizi ameshika kitambulisho changu mpaka ukuta wa mwisho uanguke. Nategemea kufika nyumbani Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Nisipofika, msinifuate.

Mdogo wako