Dumu la Maji ya Mvua

Magesa,

Umekufa na bado unanishinda. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha kuandika, na wewe hukupenda mtu anayezunguka.

Siku tuliyokuzika Butiama, wanafunzi wako walijaa mpaka kwenye zizi la baba yako. Nililia, ndiyo. Lakini huku nalia nilikuwa nawatazama, najiuliza kama mimi, niliyebishana na nusu ya wasomaji wa magazeti ya nchi hii, nitapata hata robo yao. Nikakuchukia kidogo, na udongo bado mbichi.

Wiki mbili baadaye mkuu wa shule akanipa kidato chako cha pili hapa Kiabakari. Mada: bondi za kikemikali. Nilifurahi, Magesa. Nilisema sasa watajua kemia ni nini. Unakumbuka ubishi wetu? Wewe uliwaambia sodiamu inaipa klorini elektroni, kama jirani anayegawa. Mimi nikakwambia acha kuwadanganya watoto, klorini inapora, na chumvi tunayotia kwenye dagaa ni matokeo ya uporaji. Ulicheka. "Andika gazetini," ukasema. "Mimi nina kipindi."

Basi nikaingia na vifaa vyako: betri nne, taa ndogo ya LED ya tochi, vijiti viwili vya kaboni. Nikaeleza kwa nguvu zote. Chumvi imeundwa na ioni, yaani atomi zenye chaji. Ikiyeyuka majini zinaachana, zinatembea, umeme unapita. Atomi za sukari zinatumia elektroni kwa pamoja, ndiyo bondi ya kovalenti; ikiyeyuka, molekuli zinabaki nzima, hazina chaji, hakuna wa kubeba umeme. Nikatumbukiza vijiti kwenye maji ya chumvi. Taa ikawaka. Nikavihamishia kwenye maji ya sukari, nikatangaza kwamba hapa haitawaka.

Ikawaka. Hafifu, lakini ikawaka.

Kisha Bhoke, yule binti anayekaa mbele, akasema taratibu, bila ujeuri wowote, na hilo ndilo lililouma: "Ticha, Mwalimu Magesa alikuwaga anasuuza kwanza. Na maji ya kisima alikuwaga hayatumii."

Akaenda kabatini, akaleta dumu lako. Mwandiko wako: YA MVUA. USINYWE.

Miaka yote hiyo nilikuwa nakucheka ukikinga maji chini ya paa la maabara, nakuuliza kama mkwe anakuja kuoga. Sababu sikuwahi kuiuliza. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba unajua kitu nisichokijua. Vijiti nilivitoa kwenye chumvi bila kuvisuuza, na maji niliyokorogea sukari, ya kisima chetu, yana chumvichumvi zake. Yanaweza kuwasha taa ile hata kabla hujatia kitu. Mimi, msomaji wa kila kitu, nilisahau kuyasoma maji ninayokunywa.

Tukasuuza vijiti, tukakoroga sukari upya kwa maji ya mvua. Taa haikuwaka. Wakapiga makofi. Walikupigia wewe.

Kipindi kilipoisha nilibaki na dumu. Maji yalikuwa yamebaki vidole viwili. Nilitaka kuyamwaga, Magesa. Nililibeba mpaka dirishani, nikafungua kifuniko. Niliwaza kwamba bila dumu hili darasa litakuwa langu. Halafu nikaliona darasa lenyewe: watoto arobaini wanaojibu mtihani kwamba sukari inapitisha umeme, kwa sababu waliiona taa ikiwaka mikononi mwangu.

Nikafunga kifuniko.

Jana mvua ilinyesha. Nilisimama chini ya paa na dumu lako, shati limelowa mpaka tumboni. Bhoke na wenzake walipita wakicheka, wakaniita Magesa wa pili. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa kali. Nililimeza.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi nitasuuza vijiti, nitakinga mvua, na mwandiko wako ukifutika nitaukoza upya kama ulivyokuwa, si kwa mwandiko wangu. Wivu bado ninao. Sitakudanganya ukiwa huko.

Na klorini inapora. Hilo sijakuachia.