Hatua Tisa Kutoka Dirishani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na ujue neno hilo naliandika mara ya kwanza tangu nizaliwe, maana hata nilipovunjika mguu kule kwenye mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi tunaoukata na kuukausha tuuchome kama kuni, nilitambaa maili mbili mpaka nyumbani, na nilipofika nikamwambia mke wangu samahani nimechelewa kidogo. Nina miaka sabini na tisa. Shule niliiacha mapema, au shule ndiyo iliyoniacha, mwalimu na mimi hatukuwahi kukubaliana, kwa hiyo mwandiko huu usiucheke, mkono wangu umezoea mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, na kwa mkasi hakuna mtu upande huu wa magharibi wa kisiwa chetu cha Lewis aliyewahi kunishinda, waulize. Jina langu usilichapishe. Mimi ni mtu ninayejulikana.

Shida yangu ni Mungu. Namtaka, na sijui pa kuanzia, na ni aibu kubwa kwa mtu ambaye hajakosa kanisani Jumapili hata moja isipokuwa ile ya mguu.

Mambo ya kwetu unayajua, lakini ngoja niyaseme nilivyoyaishi mimi. Mtu anaweza kukaa kanisani miaka sabini, akaimba zaburi, akabeba majeneza ya kijiji kizima, asiguse mkate wa Bwana hata siku moja. Ukiutaka unakwenda Jumamosi, mkesha wa Meza ya Bwana, unaingia chumba cha nyuma ambamo wazee wa kanisa wamekaa safu kama waamuzi wa maonyesho ya mifugo, wanakuuliza Mungu ameitendea nini nafsi yako. Wakiridhika wanakupa kibati kidogo cha madini ya risasi, ndicho ruhusa yako, na kesho yake unakitoa mbele ya watu wote ndipo uketi kwenye Meza yenye kitambaa cheupe. Mara mbili kwa mwaka. Mimi Meza zaidi ya mia nimeziona kwa mgongo, maana benchi langu ni la mwisho kabisa na mbele yangu kuna migongo tu, na migongo ya parokia hii naijua kuliko nyuso.

Tena nilijivunia benchi hilo. Nilisema wazi, mimi si mnafiki. Wale waliokwenda mbele niliwahesabia makosa mmoja mmoja, huyu alimuuzia mjane ng'ombe mwenye kikohozi, yule hasemi na nduguye. Mimi nilikuwa mwenye dhambi mnyofu, nilivaa dhambi zangu kama koti la Jumapili. Mke wangu Dolina alikwenda mbele miaka arobaini na mmoja. Akirudi nyumbani ananivulia kofia ananiambia, "Mzee wangu, pale pembeni yangu pana nafasi."

"Ya nani?"

"Ya mtu mmoja mkaidi ninayemfahamu."

"Na benchi la nyuma atalilinda nani, mama?"

"Litaibwa na nani, wewe? Njoo ule viazi."

Basi alicheka, nami nilicheka, na niliona nimeshinda. Dolina alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Nyumba yetu juma la Meza ilikuwa ikijaa wageni kutoka parokia nyingine, vitanda mpaka jikoni, chungu cha nyama ya kondoo ya chumvi hakishuki motoni. Nimefunga vyumba. Nimewaambia watu bomba limepasuka. Bomba ni zima kabisa, nililifunga mwenyewe na kwa mabomba pia nina mkono mzuri.

Meza ya kwanza baada ya kumzika nilikaa pale pangu, mchungaji akawaita wenye kibati waje, zaburi ikaanza, watu wakatoka polepole kama wafanyavyo, na nikaona ile nafasi ya pembeni, na sasa hata pale alipokuwa akikaa yeye pako wazi, nafasi mbili, na sijui nikuambieje, mshauri, miguu iliondoka. Mimi sikuiambia kitu. Nilitembea hatua kumi na moja katikati ya kanisa, watu wote wanaimba na kunitazama kwa jicho la pembeni, na mwisho wa njia amesimama mzee wa kanisa, nimwite Finlay kwa sababu ndilo jina lake na sina muda wa kutafuta lingine, jirani yangu wa uzio mmoja, amenyosha mkono wa kupokea vibati. Nikatia mkono mfukoni. Nilikuwa na peremende moja.

Kulikuwa na dirisha upande wa kushoto. Nikageuka nikalifunga. Nikalisukuma mara mbili, nikajaribu komeo, kama mtu aliyeagizwa, nikarudi kwangu nikaila ile peremende. Ilikuwa siku pekee ya joto mwaka ule na lilikuwa limefunguliwa makusudi, akina mama wawili wakatolewa nje kupepewa. Sasa wananiita Dirisha. Kisiwa kizima. Miaka sabini na tisa ya kukata manyoya na sifa yangu ndiyo hiyo.

Lakini tangu siku hiyo nina kiu. Nipo kwenye mboji nakata, naacha jembe nasema, "Upo?" Si sala, sala mimi sizijui, Finlay ndiye mwenye sala, ya kwake huizunguka dunia yote na kurudi nyumbani kupitia China. Mimi nasema hilo tu halafu nanyamaza. Nasikia upepo, na ndege mmoja anayelalamika. Hakuna anayejibu, lakini mahali penyewe sitaki kupaacha, chai inapoa kikombeni, na nikiondoka najiona kama nimemwacha mtu amesimama peke yake. Siku moja nililia. Nikamwambia mbwa ni upepo, na mbwa akatazama kando kwa adabu.

Sasa nataka kwenda Jumamosi, na hapa ndipo penye tatizo. Juma la Meza, siku ya Ijumaa, wanaume husimama kanisani kueleza jinsi Mungu alivyowakamata. Finlay alikamatwa baharini katika dhoruba, mtumbwi umejaa maji mpaka magotini. Mwingine alisikia jina lake likiitwa gizani mara tatu. Mimi sina dhoruba wala sauti. Nina kiu, na kiu si hadithi. Kwa hiyo nikatunga moja. Nuru kubwa ilinitokea kilimani, nikaanguka kifudifudi, nikaona dhambi zangu zinapita mbele yangu moja baada ya moja kama kondoo wanaoingia zizini. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kondoo wangu dume, yule aliyepata utepe wa ushindi mara nne, na nilikuwa mzuri sana, nililia mahali panapotakiwa. Nuru kweli niliiona, sikudanganyi moja kwa moja, ila ilikuwa trekta ya Finlay.

Na wiki iliyopita Finlay huyohuyo akaja kwenye uzio na nyundo mkononi.

"Dirisha!"

"Unataka nini?"

"Nimetoka kanisani. Lile dirisha nimelipigilia misumari. Sita."

"Limekosa nini?"

"Halijakosa. Ila halifunguki tena, wala halifungiki."

"Na watu wakizimia kwa joto?"

"Wazimie," akasema, akanitazama mpaka nikaangalia viatu, akaenda zake.

Mtu wa miaka themanini na mbili amepanda ngazi ili kunidhihaki! Kulifunga lile dirisha ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya katika kanisa lile. Nimekasirika wiki nzima. Lakini kiu haikupungua kwa hasira, nilijaribu. Basi niambie, Jumamosi niende na hadithi ya nuru, ambayo ni nzuri kuliko ya Finlay, niseme kweli, au nibaki benchi la nyuma nife na ukweli wangu bila mkate? Meza ni wiki mbili zijazo. Jibu upesi na usinizungushe, sipendi kuzungushwa.

Mzee wa Benchi la Nyuma


MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu,

Umeficha jina ukaacha dirisha. Gazeti hili likifika dukani asubuhi, kabla birika halijachemka kisiwa kizima kitakuwa kinakusalimia. Basi tuache kujificha tuongee.

Kwanza pole kwa Dolina. Miaka arobaini na mmoja mtu anakuwekea nafasi bila kukugombeza si mchezo. Mimi nisingeweza, na usitarajie niweze leo.

Maana wewe, bwana, ni bingwa wa majivuno. Umejivunia mkasi, kondoo, mabomba na mguu uliovunjika. Ulipoishiwa na vya kujivunia ukaanza kujivunia dhambi zako, kana kwamba na zenyewe zimepata utepe kwenye maonyesho. Ukweli ni kwamba hukuwa mnyofu pale nyuma. Ulikuwa unaogopa, kama tunavyoogopa wengine, ila wewe uliita woga wako unyofu na ukaukalia miaka sabini. Wale wenye ng'ombe wa kikohozi angalau walijua wanaumwa.

Hadithi ya nuru, ichome. Ichome leo pamoja na mboji. Unataka kuingia kwa Mungu kwa uongo, halafu ukishaingia ukae ukimtazama usoni? Hiyo kiu inayokutoa machozi mbele ya mbwa utaizima kwa taa za trekta? Na ukae ukijua kwamba mkate ulioupata si wako, ni wa yule mtu uliyemtunga, na wewe mwenyewe bado uko nyuma na njaa yako. Hapana. Tena wazee watakugundua. Sita kati yao wameuza kondoo maisha yao yote, wanamjua mtu anayesifu mnyama asiyekuwepo.

Unasema kiu si hadithi. Nilikuwa muuguzi wa vijiji hivyo miaka thelathini na mmoja. Nimeingia nyumba za wanaume wa aina yako, wamelala wamekaza meno, wananieleza habari za mvua, za mbwa, za bei ya chakula cha mifugo, kila kitu isipokuwa panapouma. Na sikuhitaji hadithi, nilihitaji waniwekee kidole mahali penyewe. Wazee nao Jumamosi hawatakuuliza umeona nini kilimani. Watakuuliza Mungu ameitendea nini nafsi yako. Weka kidole. Waambie alikunyanyua kwenye benchi ambalo uliapa hutaliacha, akakutembeza hatua kumi na moja mbele ya watu ukiwa na peremende mfukoni, wewe, ambaye aibu unaiogopa kuliko dhoruba. Waambie unasimama na jembe unauliza "Upo?" na huwezi kuondoka. Mzee, mtu hasimami hivyo mbele ya mahali patupu. Nani unadhani amekushika pale mpaka chai inapoa? Siwezi kukuapia nini anakuambia, mimi si mchungaji. Lakini najua kwamba hakuna anayeona kiu ya maji ambayo hayapo duniani.

Na wakikuambia subiri Meza nyingine, utasubiri. Utarudi tena. Kwa ukaidi Mungu amekupa kipaji, kwa mara ya kwanza kitumie kuelekea mbele.

Sasa sikiliza kazi zako. Hilo bomba la uongo lifungue kesho. Fungua madirisha ya vyumba, tandika vitanda, toa nyama ya chumvi, uwaambie wageni waje kama zamani. Mtu anayetaka kuketi kwenye meza ya Bwana hafungi ya kwake. Kisha Jumamosi ukaingie chumba cha nyuma mikono mitupu, na peremende uziache nyumbani. Na Jumapili usikae kule mwisho. Nilimwomba mtu wa parokia yenu anipimie, akanipigia simu akicheka: kutoka lile dirisha mpaka Meza ni hatua tisa. Kaa benchi la hapo, ukingoni mwa njia.

Nimebakiza Finlay. Ee bwana, wewe uliyekuwa hodari wa kusoma migongo ya watu, mbona uso mmoja umekushinda? Mzee wa miaka themanini na mbili, kwenye ngazi, upepo ule wenu, na misumari sita. Unadhani yote hayo ni dhihaka? Dhihaka huifanya mtu akiwa amekaa kwenye kiti chake. Finlay ndiye aliyekuwa amesimama mwisho wa njia siku ile na mkono umenyoshwa. Alikuona unakuja. Alikuona uso ulivyokuwa, ambao sisi wengine hatukuuona. Halafu akakuona unageuka, na Meza ngapi tangu hapo amesimama palepale akitazama benchi la nyuma? Amekaa akafikiri, huyu jirani yangu akija tena atageukia wapi? Akaenda kutafuta nyundo.

Nenda kwenye uzio ukamshukuru. Huhitaji kusema mengi, mnafahamiana. Mwambie tu misumari imeshika.

Hatua tisa, mzee wangu. Dirisha limeshafungwa.