Vitunguu Vilivyooza na Neno la Mama

Baba Dorcus,

Uji uko jikoni, nimeufunika. Vitunguu vilivyooza usivitupe kwa mbolea, vichome. Jembe ulioshe kabla ya kulima upande mwingine. Hapo palipooza tupande maharagwe.

Asubuhi mama yako aling'oa vitunguu, akakuta mizizi imejaa ukungu mweupe. Jirani yetu Wacera alikuwa akipita, akatusalimu. Mama akamwambia, "Ni jicho lako hili limeviozesha!" Wacera akaenda zake. Niliona haya sana.

Nikamshika mama mkono. "Tazama, mama. Vitunguu saumu vya kando ya njia Wacera anavipita kila siku, na ni vizima. Vimeoza hivi tu, tulivyopanda palepale palipooza mwaka jana. Ugonjwa uko kwa udongo."

Alikwenda akavishika vile vizima, kimoja kimoja. ~~Akirudi mkemee kidogo.~~ Hapana, usimwambie kitu. Amejifunga kitambaa chake cha kanisa, ametangulia kwenda kwa Wacera. Nilitaka nimsemee neno la samahani, kwa vile unajua Kiswahili chake ni kidogo. Amekataa. "Hilo neno moja nitalitafuta mwenyewe," amesema.

Namfuata nyuma.

Mama Dorcus