Viti vya Gari la Baba

Nyumba ya ghorofa nyuma ya posta,
Ngazi ya pili, mlango wa bluu.

Tarehe tisa, mwezi wa tatu. Leo natimiza miaka thelathini na minane tangu nilipoondoka.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Uipokee kwa mikono miwili, maana leo nimeinama kweli kuitoa. U hali gani? Lile jicho la kushoto, walilotoa mtoto wa jicho, limetulia? Na goti, bado linatabiri mvua kuliko redio? Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri. Sukari inapanda na kushuka kama mgeni aliyesahau anakwenda ghorofa ya ngapi, lakini usingizi naupata na chakula nakiona kitamu.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza jambo moja tu: kwa kuwa njia ya kuja huko imefunguliwa tena, na chumba umekwisha kukipaka rangi, nitarudi lini na gari la Baba, lile nililoondoka nalo? Swali kama hilo ndugu mwenye adabu hulijibu upesi. Mimi nimelikalia. Nitalijibu kabla sijafunga bahasha, lakini lazima kwanza nikueleze habari ya viti, na habari yenyewe inanitia aibu.

Unajua kwamba kila mwaka, siku kama ya leo, nina desturi yangu. Hununua kopo la mafuta ya kung'arishia, nikashuka uani, nikafungua milango yote minne ya gari, nikaipaka ile ngozi ya bandia ya viti mpaka imeremete. Sikuwahi kufuta mafuta ya mwaka jana kabla ya kupaka ya mwaka huu. Niliona ninatunza. Marehemu wifi yako alikuwa akinichungulia dirishani na kusema, "Leo mke mwenza anapakwa mafuta." Alipofariki niliendelea kupaka, na sikuwa na wa kunitania.

Sasa nije kwenye harusi. Nilikuambia kwamba mjukuu wako, Sindano wetu, mwembamba wa mwili na mkali wa ulimi, alipelekwa ukumbini ndani ya gari la baba wa bibi yake. Hilo ni kweli. Ukapokea picha, ukauliza ule mtandio aliojifunga kiunoni juu ya gauni jeupe ni mtindo gani. Nikakujibu kwamba ndio mtindo wa huku siku hizi. Huo ulikuwa uongo, Dada. Wote waliokuwapo walikubali kukuficha, na aliyewaomba wafiche ni mimi.

Jua siku ile lilikuwa kali. Tulifika mapema, mpiga picha hajafika, tukamwambia bibi arusi asubiri ndani ya gari asije akachafuka. Asije akachafuka! Madirisha tuliyafunga kwa ajili ya vumbi. Mafuta yangu ya miaka yote yakapata joto, yakalainika kama ulimbo wa kunasia ndege. Alipotaka kushuka, kiti hakikumwachia. Nikasikia mlio kama wa plasta inayobanduliwa kwenye mguu wenye nywele. Alipogeuka, mgongo mzima wa gauni ulikuwa rangi ya kutu, na mishono ya kiti imejichapa juu yake kama muhuri.

Mama yake bwana arusi, mwanamke wa maneno machache, alivua mtandio wake na kumfunga. "Hakuna aliyeona kitu," akasema. "Tembea, mwanangu, usigeuke."

Sindano naye akanitazama. "Babu, si ungesema tu kama hutaki niolewe? Ndiyo unigandishe?"

Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Lakini nilimwona akipeleka mkono nyuma ya gauni na kuurudisha unanata, na kicheko kikamkatika. Nilitamani ardhi ipasuke. Gauni dobi amelirudia tena na tena. Limebaki na kivuli.

Hilo la gauni ningeweza kulibeba. Linalonilaza macho wazi ni la simu.

Unakumbuka ulipopiga siku chache kabla ya harusi, nyumba imejaa wageni, Sindano akaifungulia simu sauti ili wote wakusikie. Ulisema huwezi kuja kwa sababu ya goti, ila una ombi. Viti vya Baba ni rangi ya ganda la yai, ukasema, na kile cha nyuma, upande wa kushoto, kina mahali palipochanika, ukapashona wewe kwa uzi wa kijani kwa kuwa mweupe ulikuwa umekwisha. "Mwanangu mkalisheni pale niliposhona. Nitakuwa kama nimempakata."

Dada, ombi gani dogo kuliko hilo? Nami nikalijibu mbele ya watu wazima na watoto: "Viti ni vya kahawia, tangu hapo ni vya kahawia, na uzi wa kijani haupo. Macho yamekwenda, Dada, na sasa kumbukumbu nazo zinayafuata." Watu wakacheka, kama watu wanavyomcheka mkubwa akishatiwa kasoro na nduguye. Wewe ukasema, "Haya, baba. Wewe ndiye unayevikalia."

Na siku ya harusi nikamkalisha kulia. Si kwa bahati mbaya. Nilimfungulia mlango wa kulia makusudi, ili nisionekane nimekufuata.

Baada ya harusi nikasema angalau nitoe ule uchafu. Jirani yangu ni dereva wa teksi. Tunamwita Breki kwa kuwa ulimi wake hauna. Akaja na chupa ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi.

"Mzee, pakaa tina hapo. Mara moja tu, inatoka yote."

"Na ngozi je?"

"Ngozi itakushukuru."

Tulijaribu chini ya kiti cha mbele, mahali pasipoonekana. Ilitoka yote kweli, pamoja na ulaini wake. Pale pakabaki pakavu na pagumu kama kisigino. Breki akapatazama sana. "Basi, mzee," akasema, "nilikuwa natania tu."

Leo asubuhi, tarehe yangu ya kupaka, Sindano akaja amebeba beseni, sabuni ya vyombo, vitambaa vya pamba, brashi laini na mswaki wa zamani. Hakunisalimia kwanza. Alichukua kopo jipya la mafuta nililokuwa nimelinunua, akampa Breki. "Kapake teksi yako, abiria wasikukimbie."

Tulianza na kipande kisichozidi upana wa sahani. Maji ya uvuguvugu na povu, kusugua polepole bila kukandamiza, kungoja kidogo, kufuta kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri ili maji yasipenye kwenye mishono yakalowesha sponji ya ndani. Halafu kitambaa cha maji matupu, halafu kikavu. Kisha tena palepale. Kitambaa kilitoka cheusi na kiti hakikubadilika. Tukarudia, kikatoka cheusi.

"Babu, una hakika chini ya haya kuna kiti?"

Tukaendelea. Kunata kukaanza kupungua chini ya vidole, ngozi ikawa kama uso wa mtu aliyekwisha kunawa. Ndipo nikaona weupe unatokea, nikamshika mkono. "Acha! Unatoa rangi!"

"Siyo rangi hiyo. Nusa."

Nikanusa kitambaa. Kilinuka mafuta ya kopo, vumbi, na sigara, zile sigara nilizoziacha zamani kwa amri ya wifi yako. Rangi ya kahawia niliyokubishia mbele ya watu ilikuwa moshi wangu mwenyewe, nimeufungia ndani ya mafuta mwaka baada ya mwaka. Kiti cha Baba, Dada, ni rangi ya ganda la yai.

Nilijua tutakapofika kushoto tutakuta nini, na nusura nimwambie Sindano kwamba nimechoka, tumalizie siku nyingine. Aliingia na mswaki kwenye ule mkunjo ambako mafuta yalikuwa mazito kama nta. Akasugua, akafuta, akainama karibu zaidi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huu si mkono wa Bibi? Ndivyo anavyoshona mito, anarudi nyuma hatua moja kila baada ya mbili." Uzi ni wa kijani. Hata haujapauka, nadhani mafuta yangu yaliuficha jua, hilo ndilo jema pekee yalilofanya.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nimechutama hapa mezani tangu adhuhuri. Kiti nilichokuwa nacho nilikipoteza mikononi mwangu, na wewe usiye nacho ulikuwa nacho kamili. Naomba radhi kwa maneno ya simu, naomba radhi kwa mlango wa kulia, na kwa uongo wa mtandio. Wale waliocheka nimewaita jioni hii waje waone viti. Nitawaonyesha kabla sijafungua kinywa, halafu nitawaambia ni nani aliyekuwa anasema kweli. Breki amekwisha kuja mapema. Anasema hataki kukosa.

Sasa gari. Sindano na mumewe wanahamia huko mwezi ujao, kama ulivyowaombea. Nimewapa gari. Mumewe ni fundi umeme mwenye mkono mtulivu, atalifikisha salama. Sindano atakaa nyuma, kushoto, muda wote wa safari, ameniahidi, ingawa alisema, "Nikae nyuma kama bosi, mume wangu aendeshe? Babu, kumbe unanipenda." Likifika, nenda uguse ule mshono kwa kidole. Halafu usikubali mtu yeyote apake kitu juu yake, hata akikuambia kinang'arisha namna gani. Kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni, basi. Na likiegeshwa juani, vioo viachwe wazi kidogo.

Kuhusu mimi, nimewaza sana huku mkono uko kwenye povu. Kama nimekosea rangi ya kitu ninachokikalia kila juma, ya nyumbani je? Nina picha ya kila ukuta wa nyumba yetu, mti gani uko wapi, jirani gani anakaa mkono gani, na zote nimezipaka mafuta kila mwaka mpaka zinang'aa. Nikija nitabishana nawe asubuhi hadi jioni. Nitakuambia mlango haukuwa pale. Nitakusahihisha mbele ya wajukuu, na safari hii hutakuwa na simu ya kukata. Na tena wifi yako amelala huku, na huwa napita kumsalimia kila Jumamosi.

Nisalimie mpwa wangu fundi cherehani, na mkewe, na yule mdogo wao asiyependa kuoga. Nisalimie jirani yako mwuguzi, mwambie dawa ya macho aliyokuandikia nimemshukuru mimi pia. Wazee wetu waliotangulia uwataje unapoomba, nami nitawataja huku. Mungu akuwekee jicho lako, akuongezee siku, na akupe kunisamehe kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu.

Ni mimi ndugu yako mdogo, nikupendaye hata siku ninazokukosea,

Kitinda

Nilikuahidi jibu. Chumba ulichokipaka rangi wape Sindano na mumewe. Mimi sitarudi.