Betri za Simu ya Mama

Kitinda mimba wetu,

Hatujambo, na mama amekusalimu hata kabla sijashika kalamu. Betri ulizosema tumnunulie kwa ajili ya simu yake isiyo na waya nimezipata. Fundi redio alinihoji kama vile nimekuja kuposa: za zamani zina volti ngapi, ni za kuchaji au za kutupa? Mimi nilishazipenda zenye rangi nzuri. Akaninyang'anya. "Dada, simu haili rangi." Akanipa zenye volti zile zile, ila zinazokaa na chaji zaidi.

Mama hakufurahi. Alisema za zamani zinataka jua tu, akazianika dirishani kando ya soksi. Miezi yote hii alituambia simu hailii kwa sababu betri zimekufa, nasi tukaamini.

Jana nilizichaji hizi mpya, nikaingia jikoni na kumpigia kwa simu yangu. Yake ikalia mpaka jirani akachungulia. Mama alikuwa amekaa kando ya hiyo simu, anakunja nguo huku anaimba. Hakugeuka.

Mdogo wangu, unakumbuka nilipompa simu yangu mwongee, ukamuuliza habari za goti akakujibu habari za kuku? Ulicheka mpaka ukakohoa. Hakuwa anatania.

Sijamwambia kwamba najua. Leo ameanua betri zake, akanikabidhi. "Mpelekee mwanangu. Za kwake ndizo mbovu, siku hizi anaongea chini chini."

Njoo umsemeshe ana kwa ana.

Dada yako, mchokozi wako wa siku zote